Mlezi wa watoto aliyetembea Chicago na aparey shingoni



Juma hili nataka niwape habari ya mwanamke aliyetumika karibu maisha yake yote katika nyumba za watu, akilea watoto wa wengine. Jina lake ni Vivian Maier. Aliishi Chicago, mji mkubwa sana wa Marekani, kando ya ziwa Michigan. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwa na nyumba yake. Waliomjua walimwona kama mlezi wa watoto tu: mwanamke mrefu, mwenye kofia na koti pana la kizamani, anayetembea kwa hatua ndefu, na aparey ya picha ikining'inia shingoni. Alipokufa mwezi wa 4 mwaka wa 2009, alikuwa ameacha picha zaidi ya 100,000, na karibu hakuna mtu aliyekuwa amezitazama. Leo picha zile zinatundikwa katika majumba makubwa ya maonyesho ya Marekani na Ulaya, na watu wanalipa kuingia kuziona.

Ninajua wengine wenu mtasema: mwalimu, picha za mitaa ya Chicago zinatuhusu nini sisi wa Bukavu? Ngojeni kidogo. Katika vikundi vyetu kuna wamama wanaotumika kunyumba za watu, na kuna wamama wanaotumikisha mabinti kunyumba zao. Wote wawili wamo ndani ya habari hii.

Vivian alizaliwa New York tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka wa 1926. Mama yake alikuwa Mfaransa wa kijijini, kutoka milima ya Alpes. Baba aliondoka mapema, na mtoto akakua akihamahama kati ya Marekani na Ufaransa. Ndiyo maana alizungumza Kiingereza chenye sauti ya Kifaransa, na watu wengi wa Chicago walifikiri ni Mfaransa mzima. Mwaka wa 1951, akiwa na miaka 25, alirudi New York, akaanza kazi ya kulea watoto. Mwaka wa 1956 alihamia Chicago, akaingia katika familia moja ya Highland Park, kartye ya watu wenye mali kaskazini ya mji, yenye watoto wanaume watatu. Alikaa pale miaka mingi. Baadaye alipita katika familia nyingine nyingi, akihama na masanduku yake.

Pale Highland Park alikuwa na chumba chake na bafu yake. Ile bafu aliigeuza kuwa chumba cha giza cha kusafishia filamu. Kwa mabinti waliozaliwa na simu mikononi, nieleze kidogo: zamani picha haikuonekana papo hapo. Ulinunua filamu, ukaiweka ndani ya aparey, ukapiga, kisha filamu ikaingizwa gizani katika maji yenye dawa. Ndipo picha ilijitokeza, lakini kinyume, cheupe kikiwa cheusi na cheusi cheupe. Hiyo ndiyo negatifu. Kutoka negatifu ndipo unatoa picha juu ya karatasi. Kila hatua inalipwa. Filamu ya nyeusi na nyeupe ilikuwa rahisi kusafishwa hata ndani ya bafu. Ile ya rangi ilitaka mitambo na mafundi. Ndiyo sababu moja kazi yake ya miaka ile ya kwanza ni ya nyeusi na nyeupe. Katika miaka ya 1970 alipiga za rangi pia.

Sasa aparey yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuelewa picha zake. Iliitwa Rolleiflex, imetengenezwa Ujerumani. Ni kama kisanduku cha kusimama, chenye macho mawili ya kioo mbele, moja juu ya lingine. Mpiga picha haiweki usoni. Inakaa tumboni, naye anainamisha kichwa na kutazama ndani kutoka juu, kama vile mtu anavyochungulia ndani ya chungu. Filamu moja inatoa picha 12 tu, za mraba.

Fikirieni maana yake mtaani. Mtu akikuelekezea aparey usoni, unashituka, unajipanga, unakasirika, ama unacheka. Lakini mwanamke aliyeinamisha kichwa na kutazama tumbo lake mwenyewe, nani anamwogopa? Tena ana watoto wawili watatu pembeni, mmoja anamvuta koti. Watu walimpita bila kujipanga, na yeye akawachukua vile walivyokuwa. Halafu, kwa sababu aparey ilikuwa chini, usawa wa tumbo, ilimtazama mtoto usawa wa uso wake, na mtu mzima ilimtazama kutoka chini kwenda juu. Katika picha zake nyingi mtu maskini anaonekana mrefu, kama mtu mwenye cheo. Mzee amekaa kando ya barabara na nguo zilizochakaa, lakini unapomtazama ni wewe uliye chini.

Na vitu alivyopiga! Mtoto anayelia, machozi yamefanya njia juu ya mashavu machafu. Mikono ya watu wawili walioshikana nyuma ya mgongo. Wanawake wazee wenye mikufu na manyoya ya wanyama shingoni, wamekasirika kwa kuona anawapiga. Watu wanaolala juu ya viti vya bustani mchana. Wafanyakazi wanaopakia. Miguu ya wanawake katika viatu vya kila namna. Magazeti yaliyotupwa ndani ya pipa la takataka. Na yeye mwenyewe, mara nyingi sana: uso wake katika kioo cha duka, ama kivuli chake chenye kofia kimelala juu ya majani. Hakucheka katika hizo. Anajitazama kama mtu anayehakikisha kwamba yupo.

Nilifanya hesabu ndogo, mnivumilie, ni ugonjwa wa walimu. Tuseme picha 100,000 katika miaka 40. Ni picha 2,500 kwa mwaka, karibu 7 kila siku ya Mungu, pamoja na siku za baridi kali na siku za homa. Na filamu ilikuwa na picha 12 tu, kwa hiyo hakupiga ovyo. Mara nyingi alipiga tukio mara moja, akaendelea na safari. Sisi leo tunapiga kikombe kimoja cha chai mara kumi.

Alipata wapi muda? Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo wanaume wengi walioandika juu yake wanalipita haraka. Wanashangaa kwamba msanii kama yule alikuwa mlezi wa watoto, kana kwamba kazi ile ilimzuia. Mimi ninaona kinyume. Kazi ile ndiyo iliyomweka mtaani saa nne ya asubuhi, saa tisa ya mchana, saa ambazo wanaume wako ofisini na katika viwanda. Mwenye kulea watoto anatembea polepole. Anasimama kila hatua kumi kwa sababu mtoto ameona mdudu. Anangoja mbele ya masomo. Anakaa kwenye bustani. Anapita sokoni. Mji ule wa mchana, wa wanawake, wazee, watoto, wasio na kazi na wagonjwa, ndio uliojaa ndani ya picha zake. Mkubwa wa ofisi asingeuona hata kama angekuwa na aparey tano.

Tena hakuwaacha watoto katika viwanja vyao safi vya Highland Park. Aliwapeleka katika mji, katika mitaa ya watu maskini. Mmoja wa watoto aliowalea, sasa mtu mzima, anaeleza katika filamu iliyotengenezwa juu ya Vivian mwaka wa 2013 kwamba alipelekwa hata kwenye machinjio, akaona wanyama waliokufa. Wazazi wengine wangemfukuza siku ileile. Mimi kama mwalimu nagawanyika. Mtoto wa tajiri anafaa ajue nyama inatoka wapi. Lakini kuna umri wake.

Nisiwafiche upande mwingine. Watoto wale watatu wa kwanza walimpenda sana. Lakini katika filamu ileile, mtu aliyelelewa naye miaka ya baadaye anasema alikuwa mkali kupita kiasi, kwamba alimlisha kwa nguvu mpaka akakosa pumzi. Hayo si mambo ya kucheka, wamama. Mtu anaweza kuwa na jicho la ajabu na mkono mbaya. Ninyi mnaowaachia mabinti watoto wenu, na ninyi mabinti mnaoachiwa, mnajua kwamba kati ya mlango kufungwa asubuhi na kufunguliwa jioni kuna mambo ambayo mtoto mdogo hana maneno ya kuyasema. Uhodari wake hausafishi jambo hilo. Na jambo hilo halichomi picha zake. Yote mawili yanabaki.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kujificha. Alidai kufuli kwenye mlango wa chumba chake. Aliwapa watu majina ya uongo, mara nyingine akijiita Smith. Alijaza chumba magazeti mpaka pakabaki njia ndogo ya kufikia kitanda. Katika nyumba moja alikoomba kazi, alifika na masanduku kama 200. Na hakuwaonyesha watu picha zake, isipokuwa chache. Kwa nini? Watu wameandika mengi: kwamba aliogopa, kwamba hakuwa na pesa ya kutoa karatasi, kwamba kwake kupiga kulitosha. Kila mmoja anaweka maneno yake ndani ya kinywa cha marehemu. Ninaloona wazi ni hili: familia zile ziliishi na mwanamke mwenye aparey miaka na miaka, wakala chakula alichopika, na karibu hakuna aliyekaa siku moja akamwambia, dada, tuonyeshe basi. Jambo hilo tunaliweza hata sisi. Binti anatumika kwako mwaka wa pili sasa, unajua anaimba? Unajua alifika darasa gani?

Alizeeka. Nguvu za kulea zikaisha, na pesa pia. Masanduku yake alikuwa ameyaweka katika ghala la kukodi, fasi ambapo unalipa kila mwezi ili vitu vyako vikae. Alishindwa kulipa. Kwa sheria ya kule, usipolipa, mwenye ghala anafungua na kuuza vitu vyako kwa mnada. Hivyo mwaka wa 2007 masanduku yake yaliuzwa, akiwa bado mzima, katika mji uleule, akikaa mchana juu ya benchi kando ya ziwa. Wanunuzi waligawana. Mmoja wao, kijana anayeitwa John Maloof, alikuwa akitafuta picha za zamani za kartye yake kwa kitabu alichokuwa akiandika. Alilipa karibu dola 400 kwa sanduku lenye negatifu zipatazo 30,000. Gaweni wenyewe: kwa dola moja, negatifu kama 75. Bei ya karanga.

Mwanzoni hata yeye hakujua amenunua nini. Aliuza baadhi kwenye intaneti, moja moja, mpaka mwalimu mmoja wa sanaa, Allan Sekula, alimwandikia na kumsihi aache kuzitawanya. Alitafuta mpigaji bila kumpata. Mwezi wa 4 mwaka wa 2009 aliliandika jina la Vivian tena kwenye intaneti, na lililotokea ni tangazo la kifo katika gazeti, la siku chache tu. Mwishoni mwa 2008 Vivian alikuwa ameanguka juu ya barafu na kuumia kichwa. Hakuinuka tena vizuri. Alikufa tarehe 21 mwezi wa 4, na miaka 83. Hakujua kwamba picha zake zimepata watazamaji. Kati ya vitu vyake kulikuwa na mamia ya filamu ambazo hazijasafishwa kabisa, yaani picha ambazo hata yeye mwenyewe hakuziona.

Tangazo lile waliliweka wale watoto watatu wa Highland Park. Walikuwa wanaume wazima wakati huo, na walipojua kwamba mlezi wao hana fasi nzuri ya kulala, waliungana wakamlipia nyumba. Alipokufa, walimwaga majivu yake katika msitu alikowapeleka utotoni kuchuma matunda ya porini. Kuchoma maiti si desturi yetu, ninajua. Lakini mtu ambaye hakuzaa, akazikwa na watoto watatu, desturi gani itakataa?

Kisha pesa zikaingia, na pamoja nazo mashauri. Picha moja ya Vivian iliyotolewa juu ya karatasi inauzwa leo kwa maelfu ya dola. Ni za nani? Aliyenunua sanduku alisema ni zake, alilipa. Lakini sheria ya Marekani, kama ya nchi nyingi, inatofautisha vitu viwili: kuwa na negatifu mkononi, na kuwa na haki ya kutoa nakala na kuuza. Haki hiyo inabaki kwa mpigaji, na akifa inakwenda kwa warithi wake. Vivian hakuacha wosia. Maloof alitafuta ndugu Ufaransa, akampata mmoja wa ukoo wa mama, wakapatana. Mwaka wa 2014 mwanasheria mmoja alisema kuna ndugu mwingine mwenye haki zaidi, na mambo yakaingia mahakamani. Ofisi ya serikali ya kule ilichukua usimamizi wa urithi, na mwaka wa 2016 wakafikia mapatano. Wamama wa muso na likelemba, ninyi mnaoandika kila kitu katika daftari, mnaelewa haraka kuliko wanasheria: karatasi moja yenye sahihi yake ingezuia yote hayo.

Kuna swali moja linalonisumbua zaidi ya pesa. Wale watu wa mtaani aliwauliza? Mara nyingi hapana. Yule mwanamke aliyelala ndani ya basi mdomo wazi, yule mtoto anayelia, leo wanatazamwa na maelfu, na hawakukubali wala kukataa. Mwanamke mwingine wa Marekani, Helen Levitt, aliyepiga watoto wakicheza mitaani New York tangu miaka ya 1930, alikuwa na kioo cha kumwezesha kupiga pembeni huku akionekana anatazama mbele. Picha zake ni nzuri ajabu: watoto wenye vinyago vya karatasi, watoto wanaochora kwa chaki juu ya barabara. Alianza kuipenda ile michoro ya chaki alipokuwa akifundisha watoto, na hapo mnajua roho yangu iko upande gani. Lakini hata yeye aliiba.

Sisi wa Kivu tunalijua jambo hilo kwa upande wa pili. Tumepigwa sana picha. Watu wanashuka katika gari, wanapiga mama aliyekimbia vita akiwa na mtoto mwenye makamasi, wanapanda gari, wanaondoka. Picha inakwenda Ulaya, haina jina, mama hajui ilikokwenda. Kwa hiyo sitawaambia kwamba kupiga bila kuuliza ni sanaa na basi. Ninaona tofauti, lakini ni ndogo. Vivian hakuwa mgeni wa saa moja; alipiga mitaa aliyotembea kila siku, na hakuuza. Na zaidi, hakutafuta shida tu. Mtu akipiga mwaka mzima mtaani kwetu, atakuta mama analia, ndiyo, lakini atakuta pia mama anabishana bei ya fretini, anasuka nywele za mwenzake, anasinzia nyuma ya meza yake ya sabuni, anacheka mpaka kitenge kinaanguka. Anayekuja kwa saa moja anachukua kilio na kuacha hayo mengine.

Na hayo mengine hatunayo. Fungueni sanduku la picha za wazee wetu, kama vita na mvua havikulichukua. Ni picha za nyeusi na nyeupe pia, za miaka ileile ya Vivian. Utaona nini? Bibi na babu wamesimama studioni, wamenyooka kama miti, nguo ya siku kuu, pazia nyuma. Arusi. Ubatizo. Kule Kinshasa kulikuwa na fundi mkubwa, Jean Depara, mpiga picha wa mwanamuziki Franco. Yeye alitoka studioni, akapiga usiku wa mji, baa na watu waliopendeza. Picha zake nazo zimefika Ulaya. Lakini hata katika hizo, mtu amejipanga: amevaa, amekaa vizuri, anataka kuonekana. Ni haki yake. Ila bibi yangu hakuishi kwa kusimama mbele ya pazia. Aliishi kwa kutwanga, kulima, kubeba. Picha ya bibi akibeba sina.

Hata leo tutazame simu zetu. Sherehe, misa, mtoto amepata diplome, chakula mezani. Wale wamama wanaopanda kutoka ziwani kwenda Kadutu na mzigo mgongoni, kamba juu ya paji la uso, wakisomesha watoto kwa kazi hiyo: nani kati ya watoto wao anayo picha ya mama yake akiwa na ile kamba? Wengi wataona haya. Wanasema, nitampiga mama siku akivaa vizuri. Miaka inapita, mama anazikwa, na picha inayowekwa juu ya jeneza ni ile ya kadi ya uchaguzi.

Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la 6 kazi moja: ombeni simu kunyumba kwa dakika tano, muulizeni mama ama bibi kama anakubali, mpigeni akiwa kazini, bila kumwambia acheke. Wengine walikatazwa, na nilikubali jibu hilo. Waliopata waliandika mistari mitano chini. Mtoto mmoja aliandika kwamba hakujua kuwa mikono ya mama yake ina alama za moto za zamani za sufuria. Ana miaka 12, na amekula kutoka mikono ile kila siku.

Basi wamama wa vikundi, nina ombi la kazi kwa ajili ya mkutano wa siku ya posho. Kila mmoja alete picha moja ya karatasi, ya zamani, ya mwanamke wa familia. Ikiwa yupo akionekana anatumika, shambani, sokoni, kunyumba, hiyo kwanza. Tutaandika nyuma jina, fasi na mwaka. Tumieni kalamu ya risasi laini, na msisukume kwa nguvu. Wino wa biki unaweza kupenya ama kuacha alama upande wa uso. Picha zilizonaswa katika albamu za plastiki msizivute kwa nguvu, zitapasuka. Tutazipiga kwa simu pale zilipo. Msiziweke chini ya kitanda wala karibu na ukuta unaotoa maji. Bahasha ya karatasi ndani ya sanduku la chuma, juu ya kabati, inatosha. Na zile za kwenye simu, chagueni kumi kwa mwaka, mzitoe kwa karatasi pale mjini, maana simu ikiibiwa zimekwenda zote.

Anayemtumikisha binti kunyumba amuulize kama naye ana picha ya mama yake wa kijijini. Kama anayo, aje nayo. Mwandishi wa kikundi atakuwa na daftari kuanzia saa nane.